Barua kwa mwanangu: unachotakiwa ili upate udaktari wa hisabati

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza masharti ya kupata shahada ya uzamivu ya hisabati ni yapi hasa, na kama alama zako nzuri zitatosha kukufikisha. Alama zitakuingiza chuoni. Kukutoa, hapana.

Utaratibu hutofautiana. Marekani wengi huingia na shahada ya kwanza, wakasoma kozi, kisha wakafanya mitihani mizito ya aljebra, uchambuzi (hisabati ya mipaka na mabadiliko) na pengine topolojia, yaani elimu ya maumbo yanayonyumbuliwa bila kukatwa. Huchukua kama miaka mitano au sita. Uingereza utafiti huanza mapema zaidi, miaka mitatu au minne umemaliza. Mengine utayasoma kwenye maelezo ya kila chuo.

Sharti lenyewe ni moja: uthibitishe jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithibitisha. Wingi wa kurasa haukusaidii. Tasnifu, yaani andiko la utafiti, ya mwanahisabati John Nash, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1950, haikufika kurasa 30. Mwanahisabati wa Urusi, Sofia Kovalevskaya, alipeleka kazi tatu, mojawapo ikihusu pete za sayari ya Zohali, na mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kikampa udaktari bila hata mtihani wa mdomo.

Katika mitihani uliyoizoea, aliyetunga swali ana jibu mfukoni. Kwenye utafiti hata msimamizi wako huenda hajui kama jibu lipo. Mimi nilikaa miezi minane na uthibitisho niliouamini kabisa, hadi usiku mmoja nikaona hatua ya katikati haishiki. Nililia, mwanangu. Wiki kadhaa baadaye nikaanza kujiuliza ni wapi hasa ile hatua inashika na ni wapi inakatika, na swali hilo ndilo lililozaa sura ya tatu ya tasnifu yangu. Siku ya kuitetea, jopo lilinihoji zaidi juu ya sura hiyo, nami nilijibu bila woga kwa sababu nilikuwa nimeshaipekua kila kona.

Kwa hiyo mchague msimamizi kwa makini kuliko unavyochagua jina la chuo. Zungumza na wanafunzi wake faraghani: huonana nao mara ngapi, na wanapokwama huwafanyia nini?

Na kabla hujatuma maombi, chukua tatizo moja gumu, ukae nalo wiki mbili bila kuchungulia jibu. Kisha uniandikie kama uliamka asubuhi ukitamani kulirudia.

Mama yako