Maneno Yaleyale Katika Vitabu Vikongwe vya Kiingereza: Namna ya Kujua Nani Alichukua kwa Nani

Ukikuta sentensi moja katika vitabu viwili vya Kiingereza vya karne ya 16 au 17, usikimbilie kumwita mmoja mwizi. Kuazima aya ilikuwa kawaida ya waandishi wa zama hizo. Hata sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1710 ililenga hasa watu waliochapa upya vitabu vya wenzao, si walioazima aya mbili tatu. Swali lenye faida ni hili: maneno yamepita njia gani?

Anza kwa kuondoa vyanzo vya wote. Biblia ndiyo ya kwanza. Sehemu kubwa ya Agano Jipya la King James la 1611, zaidi ya asilimia 80 kwa makadirio ya watafiti, ni maneno ya William Tyndale, aliyechapisha tafsiri yake mwaka 1526. Kwa hiyo wahubiri wawili wa 1640 wanaofanana huenda hawakuwahi kusomana. Kama kitabu ni cha kabla ya 1611, tazama Biblia ya Geneva ya 1560. Wengi hukosea hapa kwa kuwa King James ndiyo wanayoijua. Kisha pitia Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1549, ambako viapo vya ndoa vimetoka, halafu methali, halafu jozi za maneno ya kisheria kama goods and chattels (mali na vitu vinavyohamishika). Kilichobaki baada ya mchujo huo ndicho cha kufuatilia.

Katika kutafuta, chukua mfuatano wa maneno manne hadi sita, mawili kati yao yawe adimu. Ukichukua mfuatano wa maneno ya kawaida utaletewa maelfu ya kurasa zisizo na maana. Tahajia nayo inasumbua: upon huandikwa vpon, love huwa loue, na herufi i hukaa mahali pa j. Halafu kuna ile s ndefu (ſ) iliyotumika hadi karibu na 1800. Kompyuta inaposoma picha za kurasa huiona kama f, hivyo best hugeuka beft. Tafuta maumbo yote mawili. EEBO-TCP, hifadhi ya kidijitali ya vitabu vikongwe vya Kiingereza, haina sana tatizo hilo la s, kwa kuwa maandishi yake yaliingizwa kwenye kompyuta na watu kwa mkono. Ina makumi ya maelfu ya vitabu vya 1473 hadi 1700, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015.

Ukiwa na vitabu viwili tayari, WCopyfind ni programu ya bure ya kulinganisha maandishi. Iamuru ipuuze nukta, mikato na herufi kubwa, anza na mfuatano wa maneno sita, kisha shuka hadi manne matokeo yakiwa haba. Sawazisha tahajia kwanza, la sivyo itapita juu ya mfanano ulio wazi.

Lakini mfanano peke yake hauthibitishi kitu. Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni kosa lililorithiwa. Katika tamthilia ya Shakespeare, Henry V, Askofu Mkuu anasema Mfalme Pharamond alifariki mwaka 426, kwamba Charles Mkuu alifika ng'ambo ya mto Sala mwaka 805, na kwamba kati ya hapo ilipita miaka 421. Toa mwenyewe: ni 379. Hesabu hiyo mbovu imo pia katika kitabu cha historia cha mwandishi Holinshed, ambacho Shakespeare alitumia toleo lake la 1587. Je, hangeweza kuitoa kwa Edward Hall, mwanahistoria aliyechapishwa 1548 na ambaye Holinshed alimfuata? Hapo kosa la pili ndilo linaloamua. Hall anamtaja Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, sahihi kabisa; Holinshed kaandika wa Kumi, na Shakespeare naye anasema wa Kumi. Bila kosa hilo, ungebaki na vyanzo viwili vinavyofanana na usijue ushike kipi.

Vitabu vya mapishi vinahitaji tahadhari zaidi, maana kuna namna chache tu za kueleza kuchemsha nyama. Linganisha vipimo na mpangilio wa mapishi, si vitenzi. Kitabu cha mapishi cha Mwingereza Hannah Glasse cha 1747 kina mapishi 972, na zaidi ya 300 yamefuatiliwa hadi kwenye vitabu vya wengine.

Mwisho angalia tarehe, maana aliyetangulia hawezi kuwa amemnakili aliyefuata. Mwaka wa jalada unaweza kuwa wa chapa ya tatu. Tena hadi 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza Machi 25. Mfalme Charles I aliuawa Januari 30, 1649, lakini maandishi mengi ya wakati ule yanasema 1648. Kwa hiyo kijitabu cha Februari 1648 kinaweza kuwa kimetoka baada ya kile cha Novemba 1648.