Mbwa anachechemea kwenye lami, nyasini hana shida

Kwa wewe uliyetoka nyumbani na sasa unaanza kazi kwenye kliniki ya wanyama huku Uingereza: ukiletewa Greyhound, yule mbwa mwembamba wa mbio, anayechechemea, usikimbilie kuinua mguu. Mtoe nje kwanza. Mtembeze kwenye lami au kokoto, kisha kwenye nyasi. Akiwa anadonoadonoa mguu kwenye lami lakini nyasini anatembea kama hana neno, sugu ya unyayo iwe ya kwanza kwenye orodha yako.

Nyumbani mbwa akilamba mguu tunawaza mwiba au funza. Huku funza msahau. Utakaokutana nao sana ni hawa Greyhound waliostaafu mbio wakachukuliwa na familia. Vidole vyao ni vyembamba, mafuta ya kukinga chini ya pedi (ule mto wa unyayo anaokanyagia) ni haba, na uzito unaangukia zaidi vidole viwili vya kati vya miguu ya mbele. Sugu nyingi huota hapo. Madaktari bado wanabishana kuhusu chanzo: wengine wanasema ni mgandamizo, wengine kovu la kitu kilichochoma zamani, wengine virusi. Mimi naegemea mgandamizo, maana ndio unaoeleza kwa nini sugu hurudi palepale.

Kuiona kunataka subira. Safisha pedi, ipanguse kwa pamba yenye maji, halafu tafuta kiduara kigumu cheupe au kijivu, chenye ukingo unaoonekana. Kibane taratibu kutoka pembeni. Mbwa akivuta mguu, umefika. Unene wa kawaida wa unyayo hauumi hivyo.

Tiba ya kwanza ni kuing'oa bila kuchanja. Sugu ina kitako kinachochongoka kuelekea ndani, kwa hiyo kuparuza juu tu kunampa mbwa nafuu ya muda mfupi. Daktari hupitisha ncha ya kifaa butu, mara nyingi kile cha kung'olea meno, kati ya sugu na pedi nzima, akizunguka ukingo pole pole hadi kiini kinyanyuke. Ikifanywa vizuri haitoki damu, na mbwa wengi hawahitaji dawa ya usingizi. Kazi yako ni kushika mguu usitikisike na kuangalia uso wa mbwa. Akianza kuramba midomo na kugeuza kichwa, mwambie daktari apumzike kidogo. Wengine hushuka mezani wakitembea vizuri zaidi papo hapo, na mwenye mbwa atafurahi mno. Hapo ndipo umwambie ukweli: itarudi, huenda baada ya wiki chache, na atalazimika kuja tena.

Kuikata kwa upasuaji nako hakuzuii kurudi. Kuondoa kidole kizima kunaweza kuhamishia uzito kwa jirani yake, naye akaota sugu yake. Siku hizi kuna madaktari wanaokata kano inayokunja kidole ili pedi isigandamizwe kama zamani. Mimi naona njia hii ina mantiki kuliko kisu kwenye pedi, kwa sababu inagusa uzito wenyewe, ila uamuzi ni wa daktari.

Plasta za sugu za binadamu, zile zenye asidi ya salisiliki, zikataze kabisa. Mbwa atailamba, na asidi haichagui kati ya sugu na ngozi nzima. Vivyo hivyo brufeni na diklofenaki kutoka kabati la nyumbani: humletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Dawa ya maumivu iandikwe na daktari.

Jambo moja usilipuuze. Greyhound hupata saratani ya mfupa kuliko mbwa wengi. Sugu ikishatolewa na mbwa bado anachechemea, au mguu umevimba juu ya kifundo, kumbusha habari ya eksirei. Sugu inaweza kuwepo kweli na isiwe ndiyo inayomuumiza.

Nyumbani, mwenye mbwa apake mafuta ya kulainisha pedi na amtembeze nyasini. Viatu vyenye soli laini vinasaidia sana kwenye lami, lakini avivue wakifika mlangoni, akaushe katikati ya vidole na kuangalia kama vimechubua. Vikikaa na unyevu mchana kutwa, wiki ijayo mtakuwa mnatibu fangasi.