Tumeomba ruzuku ya kulinda chemchemi, tumekataliwa: tunakosea wapi?

SWALI: Kamwene mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Tuko wanachama 24, wanawake 15 na wanaume 9, na tumesajiliwa halmashauri kama kikundi cha kijamii. Tunalinda chemchemi moja na kijito chake, urefu kama mita 800, kinachoteremkia Ruaha Mdogo. Kiangazi maji yanapungua sana kwa sababu ya vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) na milingoti (mikaratusi). Tumepeleka andiko kwa wafadhili watatu tukiomba shilingi milioni 85 za miche 50,000, semina, pikipiki na kompyuta. Wawili hawakujibu, mmoja alisema andiko halikukidhi vigezo. Sasa kuna anayetuambia lazima tuwe NGO kwanza, na mwingine anataka asilimia 10 ya fedha zote ili atuandikie andiko jipya. Ni lazima tuwe NGO? Tunakosea wapi? Na tuombe wapi? Andiko letu nimeliambatisha.

JIBU: Kamwene, Katibu. Andiko nimelisoma lote, pamoja na bajeti na viambatisho. Katiba ipo, orodha ya wanachama ipo, picha za kitalu ni nzuri na zinaonyesha watu wanaofanya kazi kweli. Nilichokitafuta nikakikosa ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Naanzia hapo, kwa sababu naamini ndipo andiko lenu lilipoangukia.

Msomaji wa maandiko, akiwa Dar es Salaam au Dodoma, hajawahi kukanyaga kwenye chemchemi yenu. Kabla ya kufika kwenye idadi ya miche anajiuliza: hilo eneo ni la nani, na nani amewaruhusu hawa kulihifadhi? Ninyi mmeandika kwamba "wananchi wachache wanaendelea kuharibu chanzo kwa kilimo cha vinyungu". Yeye anasoma sentensi hiyo na kuona ugomvi. Anaona watu wenye mashamba bondeni, pengine tangu enzi za babu zao, na kikundi cha watu 24 kinachotaka fedha za kupanda miti kwenye mashamba hayo. Anajua mwaka utakaofuata miche itang'olewa usiku. Fedha haziendi mahali pa namna hiyo, hata andiko liwe limeandikwa vizuri kiasi gani.

Sheria iko upande wenu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, kama zinaweza kuathiri mazingira yake. Lakini kuwa na sheria ni jambo moja, na kuwa na makubaliano ya kijiji ni jambo lingine. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na uamuzi wa kutenga eneo lazima ufike mkutano mkuu. Kwa hiyo pelekeni hoja kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, kutoka hapo iende halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu. Mkutano uamue mambo matatu kwa maneno yanayoeleweka: mipaka ya eneo, nani analisimamia (ninyi, chini ya kamati), na wenye vinyungu wanapewa nini na muda gani. Muhtasari uwe na mahudhurio, sahihi za mwenyekiti na mtendaji, na mhuri. Mkitaka uwe na meno zaidi, kijiji kitunge sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe.

Hilo la wenye vinyungu msilipite haraka. Kinyungu ndicho kinachomlisha mtu Septemba na Oktoba, wakati shamba la juu limekauka. Ndicho kinachotoa mboga na mahindi mabichi ya kuuza, na mara nyingi anayekilima ni mama mwenye watoto shuleni. Mkimwambia aondoke kwa sababu ya mita 60 atawachukia, na atakuwa na sababu. Keti naye. Hesabuni ni kaya ngapi, na kila moja ina eneo kiasi gani ndani ya mita 60. Kubalianeni aondoke polepole kwa misimu miwili, akianzia na vipande vilivyo karibu na jicho la chemchemi. Kwenye andiko muoneshe atakachopata badala yake: mizinga ya nyuki, miche ya parachichi ya kupanda nje ya mita 60, au bomba dogo la kumwagilia bustani iliyo mbali na kijito kama maji yanatosha na Ofisi ya Bonde la Rufiji, inayosimamia maji, imeridhia. Asali haiji msimu wa kwanza na parachichi huchukua miaka kuzaa, kwa hiyo mpango ueleze atakula nini katika kipindi hicho cha katikati. Andiko lenye majina ya kaya hizo na sahihi zao za kukubali lina nguvu kuliko kurasa nne mlizoandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi duniani. Hizo kurasa nne ondoeni kabisa.

Milingoti pia ina wenyewe, na nimeona katika orodha yenu kwamba wawili ni wanachama. Waanze wao. Wavune iliyo ndani ya mita 60, wang'oe au waue visiki visichipue tena, na muweke tarehe ya kumaliza. Mfadhili akikuta wanachama wa kikundi wenyewe wana milingoti kwenye chanzo, mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa miche 50,000. Msomaji wa andiko hufanya hesabu hii kwa dakika moja, na nawaomba muifanye kabla yake. Kijito kina mita 800, na mita 60 kila upande ni upana wa mita 120. Hiyo ni mita za mraba 96,000, yaani hekta 9.6. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inachukua miche 1,111 hivi. Eneo lote, hata lingekuwa jeupe kabisa, lingechukua miche kama 10,700. Miche 50,000 inahitaji hekta 45, na andiko halionyeshi ziko wapi. Halafu eneo lenu si jeupe: picha zinaonyesha upande wa juu bado una mivengi (miti ya asili ya penye maji) na vichaka. Hapo hapahitaji miche. Panahitaji kuzuia moto na mifugo ili miti iliyopo ichipue na kuzaa yenyewe, kazi isiyo na gharama kubwa. Ninadhani miche 4,000 hadi 5,000 inawatosha, pamoja na ya kujazia nafasi za itakayokufa.

Kuhusu aina, mmechagua vizuri mivengi na mikuyu, miti inayopatana na maji. Ila mmetenga fedha za kununua na "kuhifadhi" mbegu za mvengi. Mbegu za mvengi hazihifadhiki. Zikikauka zimekufa, lazima zipandwe mbichi mara baada ya tunda kuiva. Mtu wa misitu akiona mstari huo wa bajeti ataanza kutilia shaka mistari mingine.

Kilichonifurahisha, na ambacho mmekificha kwenye aya moja ukurasa wa tisa, ni kwamba mna mwaka wa pili mnafanya kazi bila fedha ya mtu. Huo ndio mtaji wenu. Uwekeni ukurasa wa kwanza na uwe na tarakimu. Tuseme wanachama 24 wanatoa siku mbili kila mwezi kwa miezi sita: ni siku-kazi 288. Kama kibarua kwenu ni shilingi 5,000 kwa siku, huo ni mchango wa shilingi 1,440,000. Ongezeni samadi, udongo wa kitalu, na eneo la kitalu alilolitoa mwanachama bure. Programu kama ile ya ruzuku ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF) huhesabu mchango wa nguvu kazi na vifaa kama mchango halali wa jamii, mradi kuna daftari la mahudhurio. Kama hamna daftari, lianzeni wiki hii.

Pia pimeni maji. Andiko linasema maji "yamepungua sana", lakini sana ni kiasi gani? Chukueni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kupimia. Chagueni sehemu moja ambapo maji yote yanaweza kuelekezwa kwenye bomba au gome, muhesabu sekunde hadi ndoo ijae, mara tatu, mchukue wastani. Ikijaa kwa sekunde 25, mna lita 0.8 kwa sekunde. Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi, mahali palepale, na zaidi ya yote mwishoni mwa Oktoba kabla mvua hazijaanza. Daftari hilo ndilo litakalowaambia ninyi na mfadhili kama kazi inazaa matunda. Msiahidi kwamba maji yataongezeka mwaka wa kwanza. Miti michanga haifanyi hivyo. Ahidini mlicho na uwezo nacho: hekta ngapi zimefungwa, miche mingapi iko hai baada ya kiangazi cha pili, kaya ngapi zimeondoka bondeni kwa hiari.

Mkitaka sentensi ya kuonyesha kwa nini kijito kidogo kina maana kwa nchi, inatosha hii: maji ya Ruaha Mdogo yananywewa Iringa mjini, kisha yanaingia Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera, na chini yake Kidatu, mitambo ya umeme wa maji yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993. Hilo lilitokana zaidi na upande wa bonde la Usangu, Mbeya, kuliko kwenu, kwa hiyo msijitwike mzigo wote. Semeni sehemu yenu tu.

Kuhusu NGO: hapana, si lazima. Kwa kiwango chenu, cheti cha halmashauri, katiba, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu na barua ya utambulisho kutoka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii vinatosha kwa wafadhili wengi wa ruzuku ndogo. NGO ina ada ya mwaka na taarifa za kila mwaka kwa Msajili, na nimeona vikundi vizuri vikifia kwenye makaratasi hayo. Mfadhili akisisitiza NGO, tafuteni shirika lililosajiliwa mkoani lipokee fedha kwa niaba yenu, kwa mkataba ulioandikwa unaosema kila upande unafanya nini na shirika linabaki na kiasi gani.

Mahali pa kuomba. Kwa eneo lenu ningeanza na Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki (EAMCEF), ambao uko Morogoro. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, na sehemu yake iko Kilolo. Ulizeni kwanza kama kijiji chenu kiko karibu na misitu wanayoihudumia. (Wasomaji wa Rungwe na Mbeya: mlima Rungwe ni wa volkano na hauhesabiwi katika Tao la Mashariki, kwa hiyo mlango huu si wenu.) Wa pili ni Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002, nendeni kwa Afisa Misitu wa wilaya awaeleze utaratibu wa maombi. Wa tatu ni programu ya ruzuku ndogo ya GEF, inayoendeshwa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) tangu 1992. Ukomo wake kwa miaka mingi ulikuwa dola 50,000 kwa mradi, lakini kikundi cha kwanza kuomba hakina haja ya kukaribia ukomo. Huwa wanachagua maeneo ya nchi watakayoyapa kipaumbele kwa kipindi fulani, basi ulizeni kama Iringa imo kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Mlango mwingine uko Iringa mjini: Ofisi ya Bonde la Rufiji. Hawa si wafadhili, lakini wanaweza kuja kupima mipaka na kuweka alama, na barua yao ikiambatana na muhtasari wa kijiji, andiko linabadilika sura. Ulizeni pia kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji katika eneo lenu. Kama ipo, fanyeni kazi chini yake au pamoja nayo.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, ila unarudishwa. Usitumike kupanda miti ya chanzo. Wanawake wenu wakiunda kikundi chao cha nyuki, hapo unafaa.

Bajeti ishusheni. Ondoeni pikipiki na kompyuta; chemchemi moja inatembelewa kwa miguu. Semina zibaki mbili, ya moto na ya nyuki. Kwa miche, mizinga, uzio wa sehemu ya juu na alama za mipaka, sioni kazi inayozidi milioni 20 kwa miaka miwili. Angalieni na majira: mvua zenu ni msimu mmoja, kupanda ni Desemba na Januari, na uamuzi wa mfadhili huchukua miezi. Andiko likitumwa Septemba, fedha zitakuja Machi na mtakaa na miche iliyozidi kukua kwenye viriba. Lengeni kutuma Januari au Februari, kwa upandaji wa Desemba inayofuata.

Huyo wa asilimia 10 mkataeni. Wafadhili wengi hawaruhusu ruzuku kulipia uandishi wa andiko, kwa hiyo fedha hiyo itabidi ifichwe kwenye mstari mwingine, na mkaguzi akiifikia atakayejibu ni wewe na mweka hazina. Andikeni wenyewe, kwa Kiswahili, kurasa sita. Mkiwa na muhtasari wa kijiji mkononi, nileteeni rasimu niipitie bure.