Eosini ikipauka, usikimbilie kuilaumu taa

Wiki 2 nzima niliilaumu taa. Kila nikiwasha LED ya kijani asubuhi, myeyusho wangu mwekundu ulikuwa umepauka kabla ya adhuhuri, na mmenyuko umekwama nusu njia. Nikajiambia mwanga umeiunguza eosini, ile rangi inayonasa mwanga na kuusukuma mmenyuko, nikaongeza nyingine. Nayo ikapauka.

Ukiwa mgeni wa vichocheo vya kaboni vinavyotumia mwanga (molekyuli zisizo na metali zinazoharakisha mmenyuko), anza na eosini Y. Ndiyo rangi ileile ambayo wapimaji wa maabara za hospitali huitumia kupaka tishu kabla ya kuzitia chini ya darubini, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na chumvi za metali kama rutheniamu au iridiamu. Mwaka 2008 wanakemia David MacMillan na David Nicewicz walipooanisha kichocheo kidogo cha kaboni na mwanga, kazi ya kunasa mwanga bado waliiachia rutheniamu. Mwaka 2011 watafiti wa Regensburg, Ujerumani, wakaiweka eosini mahali pake, na mambo yakaenda.

Ila eosini ina tabia yake. Hunasa mwanga wa kijani ikiwa imeachia protoni zake (chembe za hidrojeni ambazo asidi huzitoa). Ikikutana na asidi, molekyuli hujifunga pete na rangi hutoweka. Hapo hata ukiwasha taa usiku kucha, unajichosha. Mimi nilikuwa naondoa bromini kwenye bromoasetofenoni (inachoma macho vibaya, usiifungue nje ya kabati la kuvuta hewa), mmenyuko unaozaa asidi, na besi, yaani kemikali ya kuizima asidi hiyo, nilikuwa nimeipunguza kwa ubahili tu. Siku moja nikadondosha besi iitwayo triethilamini kidogo kwenye chupa niliyokwisha kuikatia tamaa. Wekundu ukarudi palepale. Nilicheka, kisha nikazikumbuka zile wiki 2.

Kwa hiyo rangi ikipotea, jaribu besi kwanza. Isiporudi, basi huenda kweli mwanga umeivunja.

Kumwaga eosini nyingi nako hakusaidii. Myeyusho ukikolea sana, mwanga huishia kwenye ngozi ya nje ya chupa na katikati hubaki giza. Tumia chupa nyembamba, koroga kwa kasi. Halafu ondoa oksijeni, kwa maana inainyang'anya eosini nishati kabla haijagusana na unachokitaka. Mimi napitisha nitrojeni dakika 20 kabla ya kuwasha.

LED nazo hupata moto kuliko unavyodhani, hivyo weka feni. Na kila mara weka chupa nyingine iliyofungwa karatasi ya aluminiamu, si kabatini, bali papo hapo kando ya ile ya mwangani, ipate joto lilelile bila mwanga, ujue kama kazi inafanywa na mwanga kweli. Nilishawahi kumwita msimamizi wangu aje aone zao zuri, akauliza swali moja tu: "Ya gizani imetoa kiasi gani?" Tulipoipima, ilikuwa imetoa karibu sawa.