Re: Desktopu inawaka ikijisikia
Habari mkuu. Umesema feni zinazunguka ila skrini inabaki nyeusi, halafu ukirudia mara mbili tatu inawaka kama kawaida. Kwa vumbi letu la Dodoma, mimi huanza na RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ndani ya mashine. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, toa RAM, sugua meno yake (ile safu ya vipande vya chuma ukingoni) taratibu kwa raba ya penseli na ufute mabaki. Sloti inamochomekwa ipulize kwa blowa, si kwa mdomo. Mate ni balaa. RAM zikiwa mbili, jaribu moja moja. Kama saa ya kompyuta nayo inapotea ukichomoa umeme, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye ubao mkuu. Bado inagoma? Azima pawa saplai (boksi linaloipa mashine umeme) inayofanya kazi ujaribu. Yako usiifungue, ndani hubaki na umeme hata ikichomolewa.