Jibu: Kanada nani anapima athari za mradi, serikali kuu au jimbo?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama Kanada mwekezaji hupeleka tathmini ya mazingira serikali kuu au jimboni. Inategemea mradi, na mingine hupita kote kuwili.

Serikali kuu ina orodha yake kwenye kanuni: migodi na mabwawa yanayovuka kiwango fulani, viwanja vya ndege na kadhalika. Mradi usipokuwemo, kauli ni ya jimbo, ila waziri wa mazingira wa serikali kuu anaweza kuuingiza mwenyewe. Ukiwemo, huanza na mipango, siku 180, na hapa ndipo penye uzito: mwenye mradi huleta maelezo ya awali, wananchi na wenyeji wa asili husikilizwa, kisha wakala wa serikali huandika nini hasa kichunguzwe. Kisha mwenye mradi huandika ripoti ya athari, na ana hadi miaka 3 kuitayarisha; akikosea hapo mwanzo, huweza kutakiwa kuirekebisha. Wakala ana siku 300 za kuipima, au 600 likiundwa jopo, lakini hesabu hiyo huweza kusimamishwa wakisubiri taarifa, kwa hiyo usiiamini sana.

Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada iliona sheria ya 2019 inayoweka utaratibu huu imeingilia mamlaka ya majimbo, ikarekebishwa 2024.

Kwetu Zanzibar mpaka uko wazi zaidi, maana mazingira si jambo la Muungano. Hoteli Makunduchi au gati Mkoani ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kwa Sheria namba 3 ya 2015. NEMC, chombo cha mazingira, ni ya Bara. Kabla hujamlipa mshauri kutoka Bara, waulize ZEMA kwanza kama wanamkubali.