Andika Kabla Hujasikia: Kwa Mnaotaka Kusaka Vipaji Huku Texas

Mwezi huu nimepigiwa simu na vijana watatu, wawili wa hapa Dallas na mmoja wa Houston, wote na swali moja: kaka, unaingiaje kwenye hii kazi ya kukaa jukwaani na daftari kuangalia watoto wa watu wakicheza? Nimechoka kurudia, kwa hiyo naandika mara moja hapa, atakaye asome.

Msidanganywe na neno skauti, yaani msaka vipaji. Mimi ni msaidizi tu. Kuanzia Februari naangalia besiboli ya sekondari na kuipelekea klabu moja ripoti. Mwishoni mwa Agosti nahamia futiboli ya Kimarekani, ile ya Ijumaa usiku, na huko naandikia watu wanaoorodhesha vijana wanaotakiwa na vyuo. Malipo ni mafuta ya gari na kidogo cha juu. Mchana nina ajira nyingine, na mke wangu bado anaiita hii "starehe yako". Lakini nina misimu tisa, na makosa ya kutosha kuwa na la kuwaambia.

Kosa la kwanza ndilo lililonifunza zaidi. Msimu wangu wa mwanzo nilitumwa karibu na Fort Worth kumwona mrushaji mmoja, yule anayemrushia mpigaji mpira. Futi sita na inchi nne, mabega kama mlango. Mpira wa pili tu, rada, kile kifaa cha kupimia kasi ya mpira, ikasoma maili 92 kwa saa, yaani kilomita 148. Nyuma yangu walikaa skauti wawili wa siku nyingi, kofia zimepauka kwa jua, wanaambiana kwamba mkono wa huyu kijana hauna kelele. Sikujua mkono usio na kelele ni mkono gani, ila nikaandika. Ripoti ilikuja kurasa mbili, tamu kwelikweli. Mzee aliyekuwa akinisimamia aliisoma yote, akaniuliza maswali matatu. Mpira wa kupinda aliurusha mara ngapi? Alipokuwa na mkimbiaji wa wapinzani kwenye beisi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, alitumia muda gani kuachia mpira? Awamu ya tano rada ilisoma ngapi? Sikuwa na jibu hata moja. Akanirudishia karatasi: hii si ripoti yako, ni ya wale waliokaa nyuma yako.

(Awamu ya tano, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa ameshuka hadi 86. Mimi nilikuwa nimeshaifungia rada kwenye begi.)

Tangu siku ile nasalimia wenzangu vizuri, nawaulizia watoto na safari, kisha nahama kiti. Orodha za nani ni bora jimboni sizisomi kabla ya mechi. Nikimaliza kuandika ndipo narudi kupiga soga, na hapo najifunza mengi, maana wale wazee wanajua. Lakini daftari langu linakuwa limeshafungwa. Wahenga walikataza kuandikia mate ilhali wino upo, na katika kazi hii wino ni macho yako mwenyewe.

Sasa kuhusu alama. Besiboli ina mizani yake, kutoka 20 hadi 80, na hapa ndipo sisi tuliosoma shule za nyumbani tunateleza. Tumezoea karatasi ya mtihani: 50 ni kuponea chupuchupu, 45 ni kuitwa na mzazi. Huku 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, mtu anayelipwa mamilioni. Kijana wa sekondari mwenye miaka kumi na saba, hata akiwa nyota wa mji mzima, leo upigaji wake huenda ni 25 au 30. Nilipoanza nilikuwa nagawa 60 kama pipi za sikukuu. Mzee alinihesabia: kwa ripoti zangu za mwezi mmoja, jimbo la Texas lilikuwa na wachezaji wa kutosha kujaza klabu mbili za ligi kuu.

Kwa mchezaji asiye mrushaji unapima mambo matano: upigaji, nguvu ya gongo, mbio, mkono (yaani urushaji wake), na uchezaji wa ulinzi. Kila moja unaipa namba mbili, ya leo na ya kesho. Ya leo hata mjomba wa mtoto anaweza kukupa. Ya kesho ndiyo kazi, kwa sababu unakadiria mwili ambao bado haujamaliza kukua. Hapo unaangalia vifundo vya mikono, upana wa mabega, miguu, na ukiweza unamtafuta baba yake pale jukwaani uone mwili unaelekea wapi.

Mbio ni rahisi ukiwa na saa nzuri. Bonyeza gongo linapogusa mpira, bonyeza tena mguu unapogusa beisi ya kwanza. Ni futi 90, kama mita 27. Anayepiga upande wa kulia akifika kwa sekunde 4.3 huyo ni wa wastani kwa ligi kuu. Wa kushoto ni 4.2, kwa kuwa amesimama hatua moja karibu zaidi. Anza kwa jicho, usingoje mlio. Ukikaa mita thelathini na kitu kutoka kwa mpigaji, mlio unakufikia umechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu hiyo ya kumi inatosha kumfanya mtoto wa kawaida aonekane swala. Mimi nilipeleka swala wanne msimu mmoja. Na kijana akitembea tu kuelekea beisi kwa sababu ameona atakamatwa, usiandike muda ule kama kasi yake. Andika kwamba alitembea.

Kiti nacho kina maana. Mrushaji mwangalie ukiwa nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uone mpira unavyokatika. Mpigaji wa kulia mwangalie kutoka upande wa beisi ya kwanza, kwa sababu kifua chake kinatazama huko na utaona mikono inaanzia wapi. Wa kushoto, vuka upande wa pili. Nyanyuka, zunguka, usione haya. Wageni wengi wanapata kiti chenye kivuli na wanakaa hapo awamu zote saba. Nawaelewa, jua la hapa mwezi wa tano ni la kuchomea mahindi.

Miili inatudanganya kuliko kitu kingine chochote, na haituonei sisi wadogo peke yetu. José Altuve alipokwenda kufanyiwa majaribio na klabu ya besiboli ya Houston Astros huko Venezuela aliambiwa ni mfupi, arudi nyumbani. Kesho yake akarudi uwanjani. Wakamsajili mwaka 2007 kwa dola 15,000, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake akiwa na futi tano na inchi sita. Mike Trout, naye wa besiboli, alichaguliwa wa 25 katika drafti ya mwaka 2009, ile zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya, na klabu ya Angels waliomchukua walikuwa wametangulia kumchagua kijana mwingine nafasi ya 24. Hata walioona hazina hawakuanza nayo! Karibu na sisi hapa, Kyler Murray alichezea sekondari ya Allen, kaskazini ya Dallas, mechi 42 za futiboli kama kwotabeki wa kuanza, yule anayeongoza mashambulizi, na hakupoteza hata moja. Bado watu walikuwa wanapima urefu wake. Oakland wakamchagua wa 9 kwenye besiboli mwaka 2018, na Arizona wakamchagua wa kwanza kabisa kwenye futiboli mwaka 2019.

Sisemi mfupi ana bahati. Wafupi wengi niliowaona walikuwa wafupi tu. Ninachotaka ni kwamba ukiandika "mfupi", mstari unaofuata ueleze ufupi ule ulimzuia kufanya nini, katika mechi hiyo, mbele ya macho yako. Kama haukumzuia chochote, andika hivyo pia.

Futiboli ni ngumu zaidi kwa mgeni, kwa sababu macho yatafuata mpira kama kuku anavyofuata mtama. Watu 22 wanasogea kwa wakati mmoja na wewe umetumwa kumwona mmoja, pengine jitu la kilo 130 ambalo halitagusa mpira usiku kucha. Dawa niliyoipata ni kumkaba huyo mmoja kwa robo nzima ya mchezo bila kujali nani anafunga. Naangalia hatua zake mbili za kwanza, mikono inatua wapi kwa mpinzani, kiuno kinashuka au anainama kwa mgongo. Halafu naangalia anachofanya mchezo ukiwa upande wa pili wa uwanja, ambako anadhani hakuna anayemtazama.

Video zipo tele, kila familia inakutumia. Zile za dakika tatu zenye muziki sizifungui tena. Naomba mechi nzima, na ikiwezekana ile waliyofungwa. Kocha akisita kunipa, nalo naliandika.

Urefu ulioandikwa kwenye orodha ya timu una chumvi. Mimi nina futi tano na inchi kumi, kwa hiyo baada ya mechi nakwenda kusimama karibu na kijana kwenye uzio nikijifanya nasoma simu. Mbio za yadi 40 vilevile: kila kijana atakwambia anakimbia kwa sekunde 4.4, muda ambao hata kwenye majaribio ya kuingia NFL, ligi kuu ya futiboli, unahesabika wa kasi. Nani alimpima? Kocha wake, kwa saa ya kubonyeza na kidole. Ndiyo maana nawapenda wanaokimbia riadha majira ya kuchipua. Muda wa mita 100 unachukuliwa na mashine, na unaandikwa mbele ya watu.

Nyota, hizo mbili hadi tano wanazopewa vijana na wanaoorodhesha vipaji, zichukulieni kama fununu tu. Wa nyota tano ni kama thelathini hivi kwa mwaka nchi nzima na wengi wao kweli ni hatari. Tatizo liko chini, kwenye bahari ya nyota mbili na tatu, na kwa wale wasio na nyota kabisa. Josh Allen, kwotabeki, alikulia shambani Firebaugh, California, mwembamba, mbali na makambi ya kujionyesha. Akamaliza sekondari bila chuo kikubwa kumpa ufadhili, akaanzia chuo kidogo cha Reedley, ndipo Wyoming wakamchukua. Mwaka 2018 Buffalo wakamchagua wa 7. Sidhani waliomkosa walikuwa wajinga. Nadhani hawakuendesha gari hadi Firebaugh.

Mwisho, wazazi. Watawajia, hasa wakisikia Kiswahili. Septemba iliyopita mama mmoja wa Bukavu alinisikia nikiongea na simu jukwaani, akanishika mkono: "Papa, mutoto yangu atapata burse?" Mwanawe alikuwa mpiga mateke wa timu. Alikuja Marekani akijua soka tu, kocha akamwona akipiga mpira uwanja wa nyuma, akampa kofia ya chuma. Wako wengi wa namna hiyo.

Kuahidi ni kutamu, jamani. Mama anakutazama vile, na wewe una daftari na beji. Nilimwambia, mama, mimi sigawi ufadhili, naandika nilichoona. Na nilichoona ni mateke matano, matatu yamepita katikati ya nguzo, la mbali kabisa yadi 41. Lakini yote alipiga mpira ukiwa juu ya kibao kidogo, ambacho sekondari kinaruhusiwa na chuoni ni marufuku. Huko mpira unapigwa ukiwa juu ya nyasi.

Baada ya mechi nilimwomba kijana apige bila kibao, taa zikiwa bado zinawaka. Mama yake akasimama nyuma ya nguzo kuokota mipira. Wa kwanza ulitambaa chini. Wa pili ukagonga nguzo ya kushoto. Alipiga kumi, ikapita minne, na wa mwisho kati ya ile minne ulipanda juu sana, nikausikia mlio wake tofauti. Niliandika: "Yadi 35, bila kibao, 4 kati ya 10. Mguu una nguvu, bado anauinamia mpira. Nirudi Novemba." Mama aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea neno kwa neno. Akauliza Novemba tarehe ngapi.